Maturubai, Kahawa na Mkono wa Mzee Haonga

Vijana wangu, juzi Sekela alinisomea tangazo la kazi kwenye simu yake. Walikuwa wanatafuta karani wa ghala hapa hapa Tunduma, mtu wa kupokea mizigo na kuipanga, na miongoni mwa sifa walizozitaja kulikuwa na hii: mwombaji awe na fikra bunifu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sekela ndiye anayeendesha kibanda changu cha maturubai tangu magoti yangu yalipogoma kupanda malori, na hapendi nicheke bila kumwambia sababu. Nikamwambia kwamba mimi nilipoomba kazi hakuna aliyeniuliza habari za fikra. Nilishikwa mkono, kiganja kikageuzwa juu, kikabonyezwa kwa dole gumba kama parachichi la sokoni, nikaambiwa, "Kaa pale."

Aliyenibonyeza alikuwa Mzee Haonga, Mnyiha wa kule Mbozi, mwenye kibanda hicho kabla yangu. Nimeamua kuwaandikia habari zake, maana siku hizi mnahimizwa ubunifu kila mahali, kwenye semina, kwenye matangazo, hata kanisani, na wengi wenu mnadhani ni mambo ya kompyuta. Mimi niliuona ubunifu kwa mtu ambaye kazi yake mwenyewe ilikuwa karibu kumtupa. Nilimpenda sana mzee yule, na kuna kipindi nilidhani nimeshampoteza.

Kwa msioijua kazi yetu, ni hivi. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hujipanga hapa kusubiri kuvuka mpaka. Dereva aliyekwama kwenye foleni ana muda, na turubai lililofunika mzigo wake tangu Dar es Salaam huwa limeshachoka: kamba zimekula pindo, pete zimeng'oka, kona ya sanduku imetoboa. Sisi tunapanda juu, tunaziba, tunashuka. Foleni ikisogea kabla hujamaliza, unashona huku unatembezwa. Mimi nimewahi kuvushwa hadi Nakonde na sindano mkononi, nikarudi kwa miguu, na ndugu zangu wa upande ule wakawa na la kunitania katika kila harusi.

Zamani maturubai yalikuwa ya pamba nzito. Likilowa, watu wanne hawalinyanyui. Mzee Haonga aliyashona kwa sindano ya shazia, ile nene ya magunia, na kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia. Uzi aliupaka nta ya nyuki mpaka ukiuvuta kati ya vidole unalia. Mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, uliobanana, hata madereva walikuwa wanaupapasa kwa kidole kabla ya kuondoka. Na hakuruhusu turubai litoke kibandani bila kulijaribu. Alilifunga kwenye nguzo, akalala chali chini yake kwenye mkeka, akatuamuru tulimwagie maji kwa juu. Tone moja likimwangukia usoni, unafumua, unaanza upya.

"Namwinga," alikuwa ananiambia kutoka chini kule, macho ameyafumba, "umelaza sindano hapa. Fumua."

Nilimchukia siku nyingine, siwafichi. Lakini ndiyo namna nilivyojua kushona.

Alinifundisha pia mambo ambayo bado tunayatumia, na Sekela akisoma hapa atakubali. Mchaniko wenye ncha kali usiuwekee kiraka vile vile. Ukate ncha yake kwanza iwe mviringo, la sivyo utaendelea kuchanika kimya kimya chini ya kiraka. Kiraka nacho kiwe na kona za mviringo, maana kona iliyochongoka ndiyo inayobanduka kwanza. Na kubwa kuliko yote, usizibe tundu kabla hujamwona aliyelitoboa. Dereva akija na turubai, Mzee haanzi na sindano, anapanda juu ya lori kutafuta msumari, bomba, au pembe ya sanduku. Wenzetu wa vibanda vingine walimwona anapoteza muda. Wao waliziba, dereva akarudi safari ya pili na tundu lile lile, wakafurahi kupata kazi tena. Mzee hakufurahi. Aliona haya kwa tundu la watu wengine.

Kulikuwa na dereva mmoja Mzambia, Mulenga, mtu wa mwili hasa, ambaye turubai lake lilikuwa linatoboka mahali pamoja kila safari. Juu, katikati, tundu la duara. Mzee alipanda, hakuona msumari wala pembe. Alishuka akijikuna kichwa. Safari iliyofuata akapanda tena, akakaa pale pale penye tundu, akatazama huku na huku, kisha akamwita Mulenga.

"Bwana Mulenga, hapa juu unafanya nini?"

Mulenga akaanza kucheka kwa aibu. Kumbe alikuwa na mchumba kwenye mji wa Mpika, kwao Zambia, na simu yake ilishika mtandao wa kwao akipanda juu ya mzigo tu. Kila foleni ikisimama, alikuwa anapanda na mabuti yake yenye chuma kisiginoni, anakaa hapo, anaongea mapenzi mpaka salio liishe.

Fundi mwingine angemwambia aache. Mzee Haonga hakumwambia aache. Alikata kipande cha turubai, akakikunja mara tatu, akakishonea pale juu kikawa kiti kamili, na mahali pa kuwekea visigino. "Mchumba usimwache," akamwambia. Mulenga alishukuru kwa Kibemba mpaka tukachoka kuitika, "Natotela, mukwai, natotela sana." Turubai lile halikutoboka tena, na mchumba akawa mke.

Siku ile sikuuita ubunifu. Niliona tu mzee ana utundu. Sasa naona kwamba alikuwa amejiuliza swali ambalo wengine hatukujiuliza. Sisi tulitafuta kitu kilichotoboa, yeye akamtafuta mtu.

Basi, yakaja maturubai ya plastiki. Mepesi, ya bluu, ya chungwa, ya kijivu, hayanywi maji, hayaozi. Tuliyapokea kwa furaha, na migongo yetu ilifurahi zaidi. Tukayashona kama tulivyojua. Macho ya Mzee yalikuwa yameanza kuchoka wakati huo, na uendeshaji wa kibanda alikuwa ameshanikabidhi, yeye akabaki na sindano tu. "Wewe zungumza na wateja," alisema, "wana maneno mengi." Plastiki ilimpendeza kwa sababu sindano ilipita bila kusukumwa. Akaupeleka mshono wake mdogo mdogo, mzuri, uliobanana.

Mulenga alikuja na lori jipya, na turubai jipya lililochanika kwenye kamba. Foleni ilikuwa inasogea, muda wa kulimwagia maji haukuwepo. Mzee alishona akamaliza, Mulenga akavuka. Alikuwa amebeba saruji. Mvua ilimkuta njia ya Kasama.

Aliporudi hakupiga honi. Aliteremka na mfuko mmoja begani, akautua mbele yetu, na ule mfuko ukagonga kama jiwe, kwa sababu saruji iliyokuwamo ilikuwa imeshakuwa jiwe. Hakututukana. Angetutukana ingekuwa nafuu.

"Bosi wangu amesema safari nyingine hakuna," akasema. "Mama, mukwai, mshono wenu umekuwaje?"

Mzee alichukua kipande cha turubai jipya, akakifunga kwenye nguzo, akashona mstari wake taratibu, kisha akalala chini. Nikamwaga maji. Maji yalipita kwenye mshono mstari mzima, yakamlowesha kutoka paji la uso hadi tumboni. Akaamka, akashona tena, safari hii akibananisha zaidi, nyuzi mbili badala ya moja. Nikamwaga. Yakapita zaidi. Akabaki amelala pale na shati limemganda, akitazama juu, na mimi nimeshika ndoo tupu.

Baadaye tulielewa. Pamba ikilowa inavimba, inaubana uzi, tundu la sindano linajifunga lenyewe. Plastiki haivimbi. Kila tundu la sindano linabaki tundu, na kadiri ulivyo fundi wa kubananisha, ndivyo unavyotengeneza chekecheo zuri zaidi. Fundi mvivu, mwenye mishono mirefu ya ovyo ovyo, alivujisha kidogo kuliko Mzee Haonga. Nawaomba mlitafakari hilo kabla ya kuwacheka wazee wenu wa kazini. Hakukosea kwa uzembe. Kilichomwangusha ni ule ule uangalifu uliomlisha maisha yake yote.

Sisi tukaanza kuhangaika. Tulijaribu gundi ya fundi viatu wa jirani, ikashika asubuhi ikabanduka jua lilipopanda. Nilijaribu pasi ya mkaa, nikaweka karatasi katikati nikijiona mwerevu, nikatoboa tundu la ukubwa wa pasi yenyewe, na turubai halikuwa langu. Mwishowe nikaijua mashine ya hewa ya moto, ile inayofanana na ya kukaushia nywele saluni, ambayo inalainisha plastiki mpaka kiraka na turubai vinakuwa kitu kimoja. Hakuna sindano, hakuna uzi. Mulenga nilimwandikia bosi wake kwa simu, nikamweleza kosa lilikuwa la kibandani kwetu, akarudishwa barabarani. Kazi zikarudi.

Kwa Mzee hazikurudi. Mashine ilimshinda. Moshi wa plastiki ulimkohoza, na zaidi ya hapo, mkono wake ulizoea kusikia nyuzi, na hewa ya moto haishikiki. Aliunguza, akaunguza tena. Madereva wakaanza kuninong'oneza, "Mama, yule mzee asiguse la kwangu." Walisema kwa adabu, pembeni, lakini kibanda ni kidogo na masikio yake yalikuwa mazima.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kibanda kilikuwa chake. Alinitoa kwetu Msangano sijui hata kushika mkasi, akanilisha kwake miezi ya kwanza, mke wake akanifundisha kuishi mjini. Sasa alikaa kwenye kigoda chake siku nzima akitazama mashine ikifanya kazi. Nikamtafutia shughuli. Nikamwambia, "Mzee, tusaidie kupaka nta nyuzi, tumezidiwa." Akapaka. Alipaka kwa moyo, akazikunja vizuri, akazipanga ndani ya boksi. Nami kila jioni nilizifunika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anatumia uzi.

Aliligundua boksi. Alilifungua mwenyewe, akaziona nyuzi zake zote zimelala humo. Kisha akavaa koti lake.

"Namwinga, mwanangu," akasema, "kuniambia kazi imeisha ungeniheshimu. Hii ya kunipa nyuzi nichezee, hapana."

Akaenda kwake Mbozi. Nilimfuata hadi barabarani namsihi kama mtoto, akapanda gari, hakugeuka.

Niwaache kidogo hapo, maana nikiendelea nitalia na wino utachuruzika. Niwaeleze habari ya Sekela. Alipokuja kibandani, hana hata mwezi, aliniambia, "Bibi, kwa nini madereva wasitupigie picha ya tundu wakiwa bado njiani, pale Makambako au Igawa, tukate kiraka mapema?" Nikamjibu kwa ukali kwamba turubai linashikwa, halipigwi picha. Hakubishana. Alikwenda akachora rula kwenye kadi, akawapa madereva wachache, akawaambia waiweke kando ya tundu wakipiga picha ili aone ukubwa wake. Lori likifika, kiraka kiko tayari, kona zimeshakatwa mviringo. Siku hizi foleni ni fupi kuliko zamani, malori hayakai, na bila kadi ya Sekela tungekuwa tumefunga. Nimewasimulia hili ili msidhani nawaambia wazee tu ndio wenye akili. Nawaambia kwamba mtu akikuletea wazo la kijinga, mpe walau siku mbili kabla ya kumcheka. Mimi huwa nampa moja na nusu.

Haya, turudi Mbozi.

Mama Tabitha, mke wa Mzee, alinipigia simu. Hakuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo sauti yake ilinitisha. "Mwanangu, baba yako hali chakula. Anakaa nyuma ya nyumba, anatazama ukuta. Nikimsemesha ananiitikia, lakini hayupo. Njoo, labda wewe atakusikia."

Niliogopa, kweli niliogopa. Nimeona wanaume wa namna hiyo. Wakinyang'anywa kazi hawaugui ugonjwa wenye jina, wanafifia tu, na msimu haupiti. Nilikesha nikifikiria nimpe kazi gani ambayo ni ya kweli, asinishtaki tena kwa nyuzi. Sikuipata. Jumapili baada ya ibada nikaenda mikono mitupu, na sukari tu na mkate.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Ukipita Vwawa kuelekea kule Mbozi Mission, kila nyumba ina vichanja uani, kahawa iliyomenywa na kuoshwa imetandazwa ikauke. Nilimkuta Mzee kweli nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda shingo. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kibanda, akarudisha macho ukutani. Nikakaa naye. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yote ikanitoka.

Upande wa pili Mama Tabitha alikuwa anahangaika na kichanja. Kahawa hufunikwa jua la mchana likiwa kali, isipasuke, na hufunikwa usiku kwa ajili ya umande. Yeye alikuwa anafunikia plastiki, kama majirani zake wote. Alipoinua pembe, maji yalichuruzika kutoka upande wa chini wa plastiki yakaingia kwenye kahawa ile ile aliyokuwa anaikausha. Akasonya kwa nguvu.

"Mwaka jana walisema kahawa yangu ina uchachu," alisema. "Naiosha vizuri, naianika vizuri, uchachu unatoka wapi?"

Na mimi nikatania. "Mama, plastiki ilimfukuza baba kazini, sasa inakufukuza na wewe."

Mzee Haonga akacheka. Kicheko kidogo, cha kukwaruza, lakini kicheko. Kisha akanyanyuka, akaenda kichanjani, akaingiza mkono chini ya plastiki, akautoa umelowa. Akachota kahawa kiganjani, akainusa. Akarudia. Akasimama pale muda mrefu hadi Mama Tabitha akaniangalia, nami nikamwashiria anyamaze.

"Inatoa jasho," akasema. "Haipumui. Mmeifungia ndani na jasho lake."

Akanigeukia.

"Namwinga, lile turubai la pamba tuliloziba dirisha la stoo kule kibandani, bado lipo?"

Lilikuwepo. Nililileta mwenyewe wiki hiyo hiyo, nikiwa na furaha ya kijinga. Akalikata kwa kipimo cha kichanja, akakunja pindo, akalishona kwa mkono wake wa zamani. Lilikaa vizuri, likazuia jua, likazuia umande, na chini yake kahawa ilikuwa kavu. Tukajisifu siku mbili. Siku ya tatu Mama Tabitha alimletea kahawa kiganjani.

"Haonga, nusa. Unataka wazungu wanywe dizeli?"

Turubai lile lilikuwa limezunguka na malori miaka mingi, na kahawa hainyimi pua yake kitu. Inabeba kila harufu inayoipata. Nilidhani atarudi kwenye ukuta wake. Badala yake aliniuliza, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, pamba mpya inapatikana wapi. Hapo nilijua amerudi. Sikujua kama tutafaulu, lakini yeye alikuwa amerudi.

Nikamtafutia pamba mpya. Akashona la pili bila nta, kwa kuhofia harufu yake. Halafu akafanya kile alichokuwa anafanya na malori. Hakumkabidhi Mama Tabitha turubai akaenda kupumzika. Alikaa uani siku nzima akimtazama anavyolifunika na kulifunua. Aliona kwamba mama mmoja halimudu, anahitaji kumwita jirani kila mara. Aliona anaposhika, anapoinama, anapojishika kiuno. Akafumua upande mmoja, akashonea mfuko mrefu wa kuingiza mwanzi, ili mtu mmoja alikunje kwa kuzungusha mwanzi, akitembea kando ya kichanja, mgongo umenyooka. Vitanzi vya kufungia akavihamisha vikafika kwenye kimo cha mkono wa mkewe. Mama Tabitha alilizungusha mara ya kwanza, likaenda hadi mwisho, akalizungusha likarudi.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akamwambia mumewe. Mzee akajifanya anatafuta sindano chini.

Msimu ule hakuna aliyelalamikia uchachu katika kahawa ya Mama Tabitha. Wanawake wa jirani walikuja kuangalia, wakazungusha mwanzi, wakaagiza. Nilipopiga simu kumjulia hali, aliniambia ana kazi, nipige baadaye. Nilikata simu nikacheka peke yangu kibandani hadi dereva akaniuliza kama niko salama.

Mnaniuliza kwenye semina zenu ubunifu unafundishwaje. Mimi sijui. Najua ulipozuiwa. Uliniponyoka usiku ule nilipokesha, kwa sababu nilikuwa namtafutia Mzee huruma. Ulikuja pale tulipokuwa na shida ya kweli mbele yetu, kahawa ya mama mtu inaharibika, na mtu mwenye mkono unaofaa amesimama karibu ya kutosha kuigusa. Makazini kwenu mtaletewa mashine nyingi kuliko zilizoletwa kwetu, na haraka zaidi. Zipokeeni, mimi mwenyewe siwezi kurudi kwenye sindano. Ila mashine ikishachukua nafasi ya mtu, msimtazame mtu yule kwa alichoshindwa tu. Muulizeni mkono wake unajua nini, na tembeeni naye mkatafute mahali ambapo bado unahitajika. Mahali penyewe pengine ni mbali na kazini kwenu.

Msimu uliofuata, mvua za kwanza zilipokuwa karibu, nilikuwa nimeinama na mashine kibandani, madereva wawili wamekaa kwenye benchi la wateja wakisubiri zamu. Nikasikia mtu anabisha hodi mlangoni. Hakuna anayebisha hodi kwenye kibanda cha maturubai, kila mtu anaingia tu. Nikainua kichwa. Mzee Haonga alikuwa amesimama pale na koti lake, shingo imejaa, turubai la pamba limekunjwa begani.

Nilizima mashine, nikakimbilia kigoda chake, nikakipangusa kwa khanga. "Baba, karibu, kaa."

Hakukaa. "Sikuja kutafuta kazi, Namwinga. Nimeleta kazi."

Akalitandaza turubai sakafuni. Wanawake ambao kahawa yao inachelewa walikuwa wanaogopa mvua, akaeleza, na pamba peke yake haitoshi mvua ikishuka. Alikuwa amefikiria paa la plastiki juu ya pamba, lililoinuliwa kwa mianzi, hewa ipite katikati, jasho lisiifikie kahawa. Pamba ameshashona yeye. Paa halitakiwi kuguswa na sindano hata mara moja. Hapo anahitaji fundi wa mashine, na fundi anayemwamini ni mmoja. Alinionyesha kwa kidole nianzie wapi na niishie wapi.

Nililia mbele ya wateja, mikono kichwani, mtu mzima mimi. Dereva mmoja kijana, asiyemjua, akamwonea huruma kwa nywele zake nyeupe, akanyanyuka.

"Mzee, chukua nafasi yangu, pita mbele."

"Ahsante, kijana, kaa," Mzee Haonga akamwambia. Akavua kofia, akajisogeza taratibu mpaka mwisho wa benchi, akakaa akiwa ameweka mikono magotini. "Nitasubiri zamu yangu. Mimi ni mteja."